Ashikaye Mizani Ajibu kwa Nani?

Kila bajeti inaposomwa Bungeni, mabishano yale yale huzuka upya. Upande mmoja husema serikali iachane na biashara, iuze mashirika yake, iondoe mkono wake katika bei, na soko huria litampa kila mtu jasho lake. Upande wa pili husema mwananchi akiachwa mikononi mwa mabwanyenye ataliwa mzima, kwa hivyo serikali ishike viwanda, ipange bei na igawe chakula. Kila upande una wasomi wake na takwimu zake, na kila upande una wanasiasa walio tayari kuuhama siku upepo utakapogeuka.

Ndugu msomaji, sisi Wakenya hatuna haja ya kubishana juu ya jambo hili kama watu wanaosoma ramani ya nchi wasiyowahi kuifikia. Tumeishi chini ya udhibiti wa serikali kwa miaka mingi, kisha tukaishi chini ya soko huria kwa miaka mingi. Katika zama zote mbili mkulima wa Kitale alilalamikia bei ya mahindi, mama wa Kibera akalalamikia bei ya unga, na katikati yao palikuwa na watu wachache walionenepa. Majina ya sera yalibadilika, lakini walaji hawakubadilika sana.

Ninalotaka kusema ni hili. Swali la nani amiliki uchumi, serikali au watu binafsi, ni swali la halali, lakini linakuja la pili. La kwanza ni hili: yule ashikaye mizani, awe afisa wa serikali au mfanyabiashara, anajibu kwa nani? Mahali ambapo hajibu kwa yeyote, ubepari na ujamaa huzaa mtoto mmoja. Historia yetu wenyewe inalithibitisha neno hili, na ndiyo nitakayoiita kutoa ushahidi.

Udhibiti ulizaliwa wapi?

Wako wanaodhani kwamba serikali kudhibiti uchumi ni wazo lililoletwa na wakomunisti. Nchini Kenya halikuletwa na mkomunisti yeyote. Lililetwa na walowezi, watu waliokuwa wakijisifu kwa ujasiri wao wa kujitegemea na kwa imani yao katika mali ya mtu binafsi.

Kwa miongo mingi Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa kwa majaribio huko Kisii na Meru, na mlango ulianza kufunguliwa kwa upana katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya kudhibiti mahindi. Mahindi yote ya kuuza yalitakiwa yapitie mikononi mwake, na chama cha wakulima walowezi kikafanywa wakala wake. Mlowezi alilipwa bei ya juu, Mwafrika akalipwa bei ya chini kwa mahindi ya aina ile ile. Udhibiti huo haukuizuia njaa iliyoingia mwaka ule na kuendelea hadi 1943.

Sasa tazama kilichotokea uhuru ulipokaribia. Ardhi iliyokuwa imetwaliwa kwa nguvu za dola ilianza kurudi kuanzia mwaka 1962 kupitia Mpango wa Ekari Milioni Moja. Haikurudishwa bure. Ilinunuliwa kwa kanuni ya muuzaji aliye tayari na mnunuzi aliye tayari, kwa mikopo ya Uingereza na ya Benki ya Dunia, na mkulima aliyegawiwa shamba akaanza maisha ya uhuru akiwa na deni. Kwa hivyo mlowezi alipokuwa akiuza mahindi alitaka serikali imlinde, na alipokuwa akiuza ardhi alitaka soko limlipe. Hakuwa mfuasi wa soko wala wa udhibiti. Alikuwa mfuasi wa masilahi yake, na alikuwa na nguvu ya kuchagua kanuni iliyomfaa kila msimu.

Tukilishika funzo hili la kwanza, mengi yaliyofuata hayatatushangaza.

Waraka wa 1965 na kibali cha mahindi

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo. Tom Mboya ndiye aliyekuwa waziri wa mipango ya uchumi. Waraka huo ulikataa kufuata ubepari wa Magharibi na ukakataa kufuata ukomunisti wa Mashariki. Ulizungumza juu ya haki, usawa na kuwajibika kwa jamii. Lakini ndani yake mlikuwa na uamuzi mwingine: fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapozaa zaidi, yaani katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Wapo waliouliza maswali mapema. Barack Obama, msomi wa uchumi ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani, aliandika makala mwaka ule ule akiukosoa waraka huo. Wakazi wa Turkana, Wajir na Kwale wamelilipia tawi lile la sera kwa miongo mingi.

Jirani zetu Watanzania walichukua njia nyingine kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakataifisha benki na makampuni makubwa. Tukataniana mpakani: wao wakasema kwetu mtu anamla mtu, nasi tukajibu kwamba kwao hakuna cha kula. Utani ule ulituficha jambo moja. Hata sisi tuliojiita watu wa biashara huria tulikuwa na bodi, halmashauri na mamlaka za umma kila upande: za nafaka, za maziwa, za pamba, za sukari, za kahawa. Bei za bidhaa nyingi zilitangazwa na serikali. Aliyetaka kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine alihitaji kibali.

Kibali hicho kilikuwa kipande cha karatasi tu, lakini kilikuwa na nguvu kuliko jembe. Mkulima mwenye ghala lililojaa upande mmoja wa mpaka wa wilaya hangeweza kumuuzia ndugu yake mwenye njaa upande wa pili. Mama aliyebeba mahindi katika basi alishushwa kwenye kizuizi cha barabarani, akapoteza mzigo au akatoa kitu kidogo. Wakati huo huo malori ya wenye majina yalipita. Viwanda vikubwa vya unga vilivyosajiliwa vilipata mahindi ya halmashauri, na visiagi vya mtaani vikahangaika.

Ni nani aliyetoa vibali? Afisa aliyeteuliwa na wakubwa. Na afisa huyo mwenyewe aliruhusiwa kufanya biashara, kwa sababu Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ilikuwa imependekeza watumishi wa umma wasizuiwe kumiliki biashara zao. Basi refa akaruhusiwa kucheza mpira katika mechi anayoisimamia. Mwezi wa Juni 1982 Katiba ilipobadilishwa ili kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria, mlango wa mwisho wa kumuuliza refa ukafungwa. Mkulima hangeweza kumwondoa mwenyekiti wa bodi, wala hangeweza kumwondoa aliyemteua.

Tusiseme uongo, hata hivyo, kwa kudai kwamba kila kilichoshikwa na serikali kiliharibika. Mamlaka ya kukuza chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964. Iliwapa wakulima wenye vishamba miche, mafunzo, barabara za majani chai na viwanda, katika zao ambalo awali lilikuwa la makampuni yenye mashamba makubwa. Soko peke yake lisingefanya hivyo, kwa maana hakuna tajiri ambaye angejenga barabara ya matope ili kufuata kilo nne za majani ya mjane wa Nyamira. Chai ya wakulima wadogo ilisaidia kuifanya Kenya kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza ulimwenguni kwa kuuza chai nje. Mwaka 2000 KTDA ikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Malalamiko hayakukosekana, kabla ya hapo na baada ya hapo, na mengi yao yalihusu jambo lile lile: wakurugenzi wasiotaka kufungua daftari mbele ya wakulima.

Soko linafika, na wale wale wanalipokea

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kupokea mkopo wa Benki ya Dunia wa marekebisho ya kiuchumi, mwaka 1980. Mwaka 1986 serikali ilitoa waraka mwingine uliolipa soko nafasi ya mbele. Kwa miaka kadhaa ahadi zilikuwa nyingi na vitendo vichache. Mnamo Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kikafutwa. Wafadhili hawakutuletea vyama vingi, kwa maana kabla ya mkutano ule watu wetu walikuwa wamekwisha kufungwa jela, kupigwa na kufa kwa ajili ya madai hayo. Lakini mlango wa siasa na mlango wa soko ulifunguliwa katika majira yale yale, na ndiyo sababu wengi wetu tuliamini kwamba milango hiyo miwili ni mmoja.

Haki yake soko lipewe. Kufikia mwisho wa mwaka 1993 vibali vya kusafirisha mahindi vilikuwa vimeondolewa. Mama wa soko la Gikomba aliweza kununua magunia yake bila kupiga magoti mbele ya afisa. Visiagi vikaenea mitaani, na maskini wa mjini wakaweza kununua mahindi kwa gorogoro na kusaga kwa bei iliyo chini ya ile ya unga wa pakiti. Maziwa nayo yaliachwa huru mwaka 1992, na wachuuzi wenye baiskeli na mitungi wakalishika soko ambalo kwa miaka mingi lilikuwa milki ya shirika moja. Mwanaharakati anayelilaani soko bila kumkumbuka mama huyu na mchuuzi huyu ametoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi wote.

Lakini soko lilipoingia hospitalini lilivaa sura nyingine. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali za umma kwa jina la kugawana gharama. Watafiti walihesabu wagonjwa katika kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Baada ya ada kuanza, idadi ya wanaume ilishuka hadi asilimia 40 hivi ya ilivyokuwa awali, na ya wanawake hadi asilimia 65 hivi. Ukimwi ulikuwa umekwisha kuingia nchini. Wagonjwa wale hawakupona kwa sababu ya kutokwenda kliniki, waliambukiza wengine. Hapa kipimo cha bei kilishindwa kupima kilichokuwa na thamani. Na mwaka 2003, ada ilipoondolewa katika shule za msingi za umma, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada waliingia madarasani. Watoto hao walikuwapo nchini siku zote. Kilichowaweka nje ni karo.

Kisha ikaja Goldenberg, ambayo ndiyo funzo kubwa kuliko yote katika mjadala huu. Wafadhili na wataalamu walihimiza Kenya iuze bidhaa zaidi nchi za nje. Serikali ikakubali kuilipa kampuni moja asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ambazo kampuni hiyo ilidai kuuza nje, tena ikaipa peke yake haki ya biashara hiyo. Kenya haina almasi, na dhahabu yake ni kidogo mno. Mabilioni ya shilingi yalitoka katika Hazina na Benki Kuu. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, na mwalimu wa shule ya msingi akauona mshahara wake ukiyeyuka kama chumvi mvuani.

Je, Goldenberg ilikuwa dhambi ya soko au dhambi ya serikali? Ilikuwa na kampuni binafsi, faida na biashara ya nje, basi mtu wa ujamaa atasema ni ubepari. Ilikuwa na ukiritimba, kibali cha pekee na fedha za umma, basi mtu wa soko huria atasema ni udhibiti. Wote wawili wana ukweli nusu nusu, na mwizi alipita katikati ya nusu hizo mbili. Aliyejaribu kuufunga mlango hakuwa mwanauchumi wa upande wowote. Alikuwa karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyezitoa karatasi nje ili Bunge na wananchi wazione. Alikamatwa, akafutwa kazi, na alifariki mwaka 2006 katika umaskini. Tume ya Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilikuja kuchunguza kile ambacho karani yule alikiona miaka kumi kabla yake.

Kuuza bila kuulizwa

Mashirika ya umma nayo yaliuzwa. Mfano wa KCC unatosha. Shirika hilo la maziwa lilianzishwa na walowezi mwaka 1925, likakua hadi likashika soko la miji. Lilipoanza kudhoofika kwa usimamizi mbaya, wakulima walipeleka maziwa na kukaa miezi bila malipo, hata wengine wakauza ng'ombe wao. Mwaka 2000 likauzwa kwa watu binafsi, na wakulima wakalalamika kwamba mali yao imegawanywa bila wao kushirikishwa. Mwaka 2003 serikali mpya ikalirudisha mikononi mwa umma. Kwa hivyo shirika moja limekuwa la ushirika, likawa la watu binafsi, kisha la serikali. Mkulima wa Nyandarua aliyekuwa akidai pesa zake hakusaidiwa na jina lililoandikwa langoni. Alihitaji mtu wa kumjibu: maziwa yangu yalipimwa wapi, yaliuzwa kwa nani, na fedha ziko wapi?

Na siku hizi mchanganyiko umekuwa mgumu zaidi kutambua, kwa sababu serikali na soko wameoana. Mwaka 2017, uchaguzi ulipokaribia, unga wa ruzuku uliuzwa kwa shilingi 90 pakiti ya kilo mbili. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya kura, pakiti hiyo ikatangazwa kuwa shilingi 100. Tumbo la mwananchi lilihurumiwa kwa kufuata kalenda ya uchaguzi. Mwaka 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku katika bohari za umma, na baadhi ya magunia yakagunduliwa kuwa hayana mbolea ya kufaa kitu. Watengenezaji walikuwa watu binafsi, na ghala lilikuwa la serikali. Mkulima aliyepoteza msimu mzima aliwalaumu wote wawili, na alikuwa na haki.

Yusufu na Amosi

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa, na Biblia haikunyamaza katika jambo hili. Tunapenda kuhubiri juu ya Yusufu aliyeweka akiba ya nafaka miaka saba ya shibe. Hiyo ni serikali yenye busara, na maghala yake yaliokoa maisha. Lakini ni wahubiri wachache wanaoendelea hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Humo, njaa ilipozidi, watu waliinunua nafaka ile kwa fedha zao zote, kisha kwa mifugo yao, kisha kwa mashamba yao, na mwisho kwa miili yao. Ghala lililojengwa ili kuwaokoa liliwafanya kuwa watumwa wa Farao. Sura hiyo inaongeza jambo la kututia haya: makuhani hawakuuza ardhi yao, kwa sababu walikuwa wakila posho ya Farao. Kanisa linalokula mezani pa Farao halitaona njaa ya jirani, wala halitauliza bei ya nafaka.

Upande wa pili yuko nabii Amosi, ambaye hakuwahutubia maafisa wa ghala. Aliwahutubia wafanyabiashara waliongoja sabato iishe ili wauze ngano, wakipunguza kipimo, wakiongeza bei, wakichezea mizani na kuuza makapi. Hilo ni soko, tena soko lisilo na msimamizi. Basi Maandiko yanatuonya juu ya ghala la mfalme na juu ya mizani ya mchuuzi, na katika yote mawili yanamtazama yule anayenunua akiwa hana chaguo.

Majibu kwa pande mbili

Rafiki zetu wa soko huria watasema: mashindano yenyewe ndiyo uwajibikaji, kwa maana muuzaji mwovu atakimbiwa na wanunuzi. Ni kweli pale penye wauzaji wengi na mnunuzi anayeweza kuondoka. Mnunuzi wa sukuma wiki anaweza kuondoka. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku mbele ya hospitali iliyo peke yake katika eneo lake hawezi. Mkulima wa miwa ambaye miwa yake inakauka baada ya kukatwa hawezi kuzunguka nchi nzima akitafuta kiwanda. Mashindano huwa halisi pale tu sheria inapowazuia wenye nguvu kuufunga mlango nyuma yao.

Rafiki zetu wa udhibiti watasema: serikali ni ya watu, basi mali yake ni mali ya watu. Ingekuwa hivyo kama watu wangeweza kufungua daftari zake. Mali ya umma isiyokaguliwa ni mali ya mwenye funguo. Tuliishi hivyo chini ya chama kimoja, na hatuna sababu ya kuyatamani maisha yale kwa sababu tu soko nalo limetuumiza.

Msimamo wangu ni kwamba biashara ambayo wengi wanaweza kuifanya iachiwe wengi, bila vibali vya kuwanyonya wadogo: mahindi, maziwa, mboga, usafiri. Tiba, elimu ya msingi, maji na akiba ya nafaka ya siku za njaa visiachiwe yule aliye na fedha nyingi zaidi. Na katika sehemu zote mbili mizani iwe wazi.

Kazi iliyo mbele yetu

Tunayo silaha ambayo wapiganiaji wa mageuzi wa mwaka 1990 hawakuwa nayo. Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali katika kifungu cha 35, haki ya afya, chakula, maji na elimu katika kifungu cha 43, uwazi na ushiriki wa umma katika fedha kwenye kifungu cha 201, na zabuni za haki na za wazi katika kifungu cha 227. Katiba hiyo haikuichagulia nchi ubepari wala ujamaa. Ilichagua kwamba anayeshika mali ya watu aulizwe. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliitangaza Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Juni mwaka huo huo vijana walijaa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha. Makumi yao walipoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Vijana wale hawakubeba vitabu vya nadharia za uchumi. Waliuliza kodi inakwenda wapi.

Basi kila kikundi cha haki na amani parokiani, kila kamati ya mtaa na kila tawi la wanaharakati lichukue kazi hizi:

1. Kila panapotangazwa kwamba shirika la umma litauzwa, tudai orodha ya mali yake, thamani yake, majina ya wanunuzi na ya wamiliki halisi walio nyuma ya makampuni hayo, kabla ya mauzo na wala si baada yake.

2. Kila panapotangazwa ruzuku au bei maalumu, tuulize nani amepewa zabuni, kwa bei gani, na mpango huo utadumu hadi lini. Ukikoma siku ya uchaguzi, tuseme hadharani kwamba ulikuwa rushwa.

3. Wanachama wa vyama vya ushirika wahudhurie mikutano mikuu ya mwaka, wadai hesabu zilizokaguliwa, na mizani ya kituo cha kununulia mazao ipimwe mbele yao.

4. Mikutano ya ushiriki wa umma katika bajeti za kaunti isiachiwe wale wanaosafirishwa kwa mabasi na kupewa chakula cha mchana. Twende wenyewe, tuandike yaliyosemwa, tuyahifadhi.

5. Mtumishi anayefichua wizi alindwe, apewe wakili, na kanisa lisimwache apigane peke yake jinsi Munyakei alivyoachwa.

Kazi hizi hazina fahari ya maandamano, na nyingine zinachosha. Lakini wizi mkubwa wa uchumi wetu ulifanyika katika karatasi ambazo hakuna aliyeziomba na katika mikutano ambayo hakuna aliyeihudhuria. Mkutano wa bajeti wa kaunti yako una tarehe. Itafute tarehe hiyo wiki hii, uisome kanisani pamoja na matangazo mengine, na ufike na wenzako watano.